Karani Aliyesema Fifi

Mbele yake tulimwita Karani. Akishakata kona ya ghala, na baada ya kuhakikisha kweli amekata, tulimwita Mama Fifi. Kama umewahi kuuza pamba kwenye chama chetu cha msingi, huku vijijini upande wa Sapiwi, huna haja ya maelezo. Kwa ambaye hajawahi, aelewe kwamba pamba ikifika kituoni ina madaraja mawili tu. Iko pamba safi, nyeupe, kavu, isiyo na majani wala madoa. Halafu iko fifi, ambayo ni hiyo nyingine yote. Meza ya Karani ilikaa kabla ya mizani, na hakuna gunia lililopimwa bila kupita kwanza mikononi mwake. Akisema safi, mtu aliondoka kifua mbele. Akisema fifi, mtu alirudi kuichambua upya huku maneno yake yakimfuata mpaka nyumbani, kwa sababu hakuwahi kulisema neno hilo likiwa peke yake.

"Hii ni pamba au mmefagia uwanja baada ya harusi?" Hilo lilikuwa la watu aliowapenda. Aliyemwagia pamba maji ili iongeze uzito alisogezwa karibu kwa mkono, kisha Karani akakamua pamba ile mbele ya foleni nzima na kujifutia kiganja kwenye shati la mwenye mali. "Wabeja, baba," alisema. "Nilikuwa na kiu." Wabeja kwa Kisukuma ni asante, na sijawahi kusikia asante yenye matusi kama ile.

Mimi nilikuwa katibu wa chama. Niliingia pale nikitoka kozi fupi mjini Bariadi, kalamu mfukoni, shati limepigwa pasi mpaka limesimama. Asubuhi ya kwanza nilimwendea kwa heshima zote.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia, kama mtu anavyomwamkia mama yake.

"Mwangaluka. Wewe ndiye katibu?"

"Ndiyo, mayu."

"Kalamu nimeiona. Mikono iko wapi?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshanijaza pamba puani. "Nusa!" Nikapiga chafya kubwa. Akawageukia watu akawaambia, "Katibu ameshatoa taarifa yake." Walinitania kwa chafya hiyo msimu mzima.

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Alichanganya fifi kidogo ndani ya safi, akaniambia nifumbe macho niitafute kwa vidole. Alinipa mbegu niiume: iliyokauka inalia katikati ya meno, iliyonyweshwa maji inabonyea tu. Nikikosea, chai yangu ya asubuhi ilinywewa na mtu mwingine, na mtu huyo mwingine alikuwa yeye siku zote. Nilijifunza kwa njaa. Baadaye nikawa najua pamba iliyovunwa na umande hata kabla haijafunguliwa, na siku nilipoijua ya kwanza alinisukumia kikombe changu akaangalia pembeni. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya cheti.

Kwa nini alikuwa mkali hivyo? Watu walisema ni roho mbaya. Si kweli, au si kweli yote. Karani alikuwa ameona chama kikifa. Kabla yangu, ghala lilifungwa, popo wakahamia, na wakulima wakabaki kuuza pamba barabarani kwa wachuuzi wenye mizani inayotii mwenye nayo. Yeye na wenzake wachache walikifufua, wakaanza kulima pamba hai, isiyopigwa dawa za dukani, na wakapata mnunuzi mmoja wa nje: kiwanda kidogo cha kusokota uzi na kufuma nguo, cha watu wa biashara ya haki. Huyo mmoja ndiye aliyetushika. Akituacha, tunarudi barabarani. Karani hakuogopa nyoka, hakuogopa mkuu wa wilaya, lakini hilo la kurudi barabarani lilimkosesha usingizi, na alilisema waziwazi kwa yeyote aliyelalamika kuhusu meza yake.

Sasa usije ukadhani ni malaika. Kila ujanja wa pamba aliujua kwa sababu kila ujanja aliwahi kuufanya. Mchanga, maji, mawe katikati ya gunia, yote. "Mnaniibia kwa mbinu zangu mwenyewe," aliwaambia vijana. "Angalau bunini mpya, niwaheshimu." Jumapili aliimba kwaya kanisani, na sauti yake ilitangulia wenzake kwa nusu mstari, lakini mvua ikichelewa alikuwa wa kwanza kuuliza mzee wa mvua amekosewa na nani. Soda alisema ni kinywaji cha watoto na wafanyakazi wa ofisini. Dereva wa lori la jinari, kule pamba inakotenganishwa na mbegu, alimletea moja kila safari, na Karani aliinywea nyuma ya ghala, anarudi akijipangusa midomo na kusema maji ya kisima leo matamu.

Na kuku! Kuku wake walikuwa na adabu mbaya kuliko kuku wa kata nzima. Kwetu pamba ikishavunwa hulala ndani ya nyumba mpaka soko lifunguliwe. Inajazwa vyumbani, watoto wanalala juu yake, na kuku, ambao si wajinga, wanataga humo humo. Kwa Karani walitaga, wakaatamia, wakaangua. Soko likikaribia alitoa pamba yake yote nje, akaitandaza, akakaa siku nzima anaokota manyoya moja moja huku akiwatukana kuku kwa ukoo wao. Yake ilikuwa safi kweli ilipofika mezani. Lakini si kila mtu alikuwa na subira ile, wala macho yale.

Basi nikaoa binti yake.

Wasukuma wenzangu mmeshashika kichwa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani hata kidogo. Hawashikani mikono, hawali chungu kimoja, wakikutana njiani mmoja anaiacha njia. Siku hizi mijini watu wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao. Karani alipoonyeshwa picha ya namna hiyo aliifunika simu kwa kanga. Hakunikataa, lakini ng'ombe wangu wa mahari aliwachungulia akiwa jikoni, na kila aliyepitishwa uani tulisikia sauti ikitoka kwenye moshi: "Safi. Safi. Huyo fifi. Huyo mwenye pembe moja, ni fifi na nusu." Wazee wa kwetu walijifanya hawasikii. Mwenye pembe moja alirudishwa.

Baada ya harusi, ukimya. Yule mama aliyenijaza pamba puani sasa alikaa amenipa mgongo. Na tulikuwa ofisi moja! Mambo yote ya chama yakawa yanapitia kwa Mpimaji, yule bwana wa mizani, mtu mpole aliyependa amani yake.

"Mpimaji, mwambie katibu afunge dirisha, vumbi linaingia."

Nami nimesimama hapo hapo dirishani. "Mpimaji, mwambie Karani nimesikia."

"Mpimaji, muulize amesikiaje na wewe bado hujamwambia."

Mpimaji aliomba likizo katikati ya msimu. Watu walicheka, nami nilicheka, lakini nyumbani nilimwambia mke wangu ukweli: nimemkosa mama yako. Nilitamani anitukane. Kwa heshima ile nilikuwa nimepata mke mzuri na kupoteza mwalimu, na wala hakuna aliyenionya kwamba vinakwenda pamoja.

Nirudi kwa mnunuzi wetu. Kila mwaka walikuja wageni kutoka kiwandani. Walianzia Serengeti kuangalia simba, wakatokea Lamadi wakala sato, kisha wakaja kutuangalia sisi. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa makamo tuliyemwita Mama wa Uzi, kwa kuwa usokotaji ndio kazi yake. Kiswahili alikijua, alijifunza ujanani alipokuja kujitolea nchini, na kilikuwa Kiswahili chenye adabu mno. Aliomba radhi kwa kukaa, akaomba radhi kwa kusimama. Mkutano ule uliitwa wa kubadilishana maarifa. Turubai, viti vya plastiki, soda. Yeye alisifu pamba yetu. Sisi tukasifu fulana alizotuletea zawadi, zilizotokana na pamba yetu wenyewe. Tukapiga makofi, tukapiga picha, wakaondoka.

Halafu, akiwa ameshafika kwao, kwenye simu yangu unaingia ujumbe: nyuzi za plastiki zimeonekana tena ndani ya kitambaa, manyoya pia, tafadhali wakulima waelimishwe. Tunamwelimisha nani, na kwa nini hakusema alipokuwa hapa? Na sisi je? Zile fulana zilipofuliwa mara ya kwanza zilijikunja mpaka yangu ikaishia juu ya kitovu. Nani angemwambia? Mgeni amekuletea zawadi, umpigie kelele kwamba imeharibika? Hatukosi aibu kiasi hicho. Na yeye alifundishwa kwao kwamba ukikaribishwa nyumbani kwa mtu humwambii nyumba yake ni chafu. Kwa hiyo tulikuwa tunabadilishana pongezi, miaka inakwenda.

Mpaka ukaja ujumbe wa mwisho. Wateja wao wamechoka, kitambaa kina mabaka. Ziara inayofuata itakuwa ya mwisho wasipoona mabadiliko, watatafuta pamba mahali pengine. Nikaukodolea macho ujumbe ule pale ofisini, mkwe wangu kanipa mgongo, Mpimaji hayupo. Nikaenda nyumbani nikamtuma mke wangu kwa mama yake. Akarudi jioni.

"Amesemaje?"

"Anasema katibu ni mjinga. Pia anakusalimia."

Siku ya ziara nilikuwa nimejiandaa na hotuba ya kubembeleza. Mwenyekiti wa chama, mzee mwenye sauti nzito na moyo mwepesi, alifungua kwa sala na kwa makofi. Mama wa Uzi akasimama, akaomba radhi kwa kusimama, akaanza, "Ndugu zangu, pamba yenu ni nzuri sana..."

"Uongo!"

Tukageuka. Karani alikuwa anapita katikati ya viti. Amevaa ile fulana ya zawadi. Nisameheni, huyu ni mkwe wangu, sitaeleza sana. Niseme tu kwamba aliivaa juu ya gauni, kwamba ilimfika mbavuni, na kwamba mikono yake miwili ilikuwa imesimama wima kwa kubanwa. Mimi nilitazama chini kama inavyonipasa.

"Kuanzia leo," akasema, "huyu mama si mgeni wetu. Ni mtani wetu."

"Karani!" Mwenyekiti akapiga meza. "Nani amekupa utani na wazungu?"

"Nimejipa. Sisi tunalala juu ya pamba. Yeye analala juu ya shuka la pamba hiyo hiyo. Watu wanaolala kitanda kimoja wasitaniane?"

Kina mama wakapiga vigelegele. Karani akamgeukia mgeni, akazunguka taratibu ili aonekane pande zote. "Mtani, angalia ulichonivisha. Mimi nimenenepa, au fulana yako imesikia baridi?"

  Anayejua utani anajua ulivyo: mtani anakutukana mchana kweupe, anakupokonya kuku, na ukikasirika wewe ndiye mshamba. Lakini yule mama wa watu angejuaje? Akawa mwekundu kuanzia shingoni. Moyoni nikasema, chama kimekufa, na kimeuawa na mama mkwe wangu, nami siwezi hata kumgombeza.

Mama wa Uzi akainamia mkoba wake. Nilidhani anatafuta leso. Akatoa unyoya. Unyoya wa kuku, mwekundu wa kienyeji, akaunyanyua juu.

"Mtani," akasema, na adabu yote imemtoka, "huyu kuku wenu amepanda meli mpaka kwetu bila nauli. Nimeishi naye mwaka mzima. Naomba mje mumchukue!"

Lo! Watu walianguka. Mwenyekiti alicheka mpaka kofia ikadondoka. Kuna mzee alicheka akiwa amelishika goti la jirani yake ambaye hawasemeshani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Na baada ya kicheko, nakuambia, yakafuata mazungumzo ambayo hayajawahi kutokea pale.

Mama wa Uzi alitoa kipande cha kitambaa cha bluu akakipitisha mkono kwa mkono. Katikati kilikuwa na mstari mweupe, mwembamba, kama mkwaruzo. Akauliza ni nini. Hakuna aliyejua. Akasema ni uzi wa mfuko wa salfeti, ile mifuko ya plastiki iliyofumwa, tunayovunia pamba. Mfuko unachakaa, unatoa nyuzi, nyuzi zinaingia kwenye pamba, na plastiki haikubali rangi. Mnaweka kitambaa kizima kwenye rangi, plastiki inabaki vilevile. Uzi mmoja unaharibu jora zima. Tulikuwa tumeambiwa msitumie salfeti mpaka masikio yamechoka, lakini hakuna aliyewahi kutuonyesha mkwaruzo ule. Kina mama walikigusa, wakakinyoosha kwenye mwanga, wakaguna.

Kisha mama mmoja wa nyuma akasimama. "Na wewe mtani, yale magunia ya kitambaa unayotutumia tuvunie, huwa unayatuma lini?"

"Kila mwaka. Mnapiga picha mkiyapokea. Mnatabasamu."

"Yanafika pamba imeshauzwa! Mimi nimeshona mapazia."

"Mimi kaptula za watoto," mwingine akadakia.

Mama wa Uzi alikaa chini, kwenye majani. Alikasirika, na alikuwa na haki. "Kwa nini hamkuniambia miaka yote?"

"Tungekuambiaje?" Karani akamjibu. "Ulikuwa mgeni."

Iliendelea mpaka jua limepinda. Walitufundisha, tukawafundisha. Wao walishikilia tupande alizeti pembezoni mwa pamba ili wadudu rafiki waje kula funza. Mzee mmoja akawaambia alizeti ikipandwa siku moja na pamba haina kazi, lazima itangulie, ichanue mapema, ndipo wadudu wafike kabla ya funza. Wao hawakulijua hilo. Kuhusu fulana, mama yule alikiri kwamba waliruka hatua ya kukifua kitambaa kwa maji moto kabla ya kushona, walitaka ziwahi safari. "Safari ya wapi," Karani akasema, "kwenye kitovu cha katibu?" Hilo lilikuwa tusi langu la kwanza mbele ya watu tangu harusi, japo hakuniambia mimi, na nililipokea kwa furaha.

Ila na yeye alipigwa mwereka siku ile. Alishikilia kwamba manyoya si tatizo, mashine ya jinari inayatoa. Mama wa Uzi akasema hapana, mashine inayakatakata, unyoya mmoja unakuwa vipande mia na kila kipande kinapata mahali pa kukaa. Karani akabisha. Akabisha tena. Dereva wa lori la jinari, ambaye hakujua soda zake zinamfanya awe upande gani, akasema mtani wa watu anasema kweli. Karani hakumsemesha dereva huyo mwezi mzima, na soda aliikubali kimyakimya. Lakini ndani ya wiki hiyo alijenga banda la kuku, la kwanza kijijini, na akaanza kuwapitia wengine akiwauliza banda lao liko wapi, kana kwamba wazo lilianzia kwake.

Magunia ya kitambaa yalifika msimu uliofuata kabla ya kuvuna. Mnunuzi hakuondoka. Mtani alizidi kuja kila mwaka, na siku hizi anashuka kwenye gari akitukana. Katikati ya mwaka wanatumiana ujumbe wa sauti kwenye simu, yeye na Karani. Nilikuwa nasikia sauti ya mkwe wangu nyuma ya ghala ikifoka kuhusu mikono ya fulana, kisha ikicheka peke yake.

Halafu macho ya Karani yakaanza kufifia.

Hakusema. Alisema miguu imechoka, vijana waje wakae kwenye meza, yeye amekaa vya kutosha. Lakini sisi tuliona. Alikuwa akimwamkia mtu kwa jina la kaka yake. Alimimina chai pembeni ya kikombe akamlaumu aliyekitengeneza kikombe. Mke wangu alimwambia waende hospitali Bariadi, wanatibu ukungu wa macho siku hizi, mtu anatoka anaona. "Nimekuambia sioni?" Basi ikawa hivyo. Kijiji kizima kilinyamaza. Akikosea, tunaitikia. Akishika michembe, vile viazi vilivyokaushwa, akidhani ni nsansa, mboga ya majani makavu, anaambiwa ndiyo mama, ni nsansa. Tulimfanya mgeni katika kijiji chake mwenyewe, wote, na mimi mkwe nikiwa wa kwanza kunyamaza, kwa kuwa mimi nilikuwa na mila ya kujificha nyuma yake.

Meza nikapewa mimi, maana mimi ndiye niliyefundishwa naye nikahitimu.

Msimu uliopita, siku ya kwanza ya soko, foleni imefika mpaka kwenye kisima, nikaona mkokoteni wa ng'ombe wa jirani unaingia, na Karani anatembea nyuma yake ameshika ubavu wa mkokoteni. Ameleta pamba yake. Watu wakampisha mbele. Gunia likashushwa mezani kwangu, gunia la kitambaa, limefungwa vizuri. Yeye akasimama hatua chache pembeni, amegeuza uso kama ilivyo desturi yetu.

Nikafungua. Juu ilikuwa nyeupe. Nikaingiza mkono chini, na kabla sijautoa nilishajua. Majani makavu. Pamba ya njano iliyonyeshewa, imechanganywa na nyeupe, siyo kwa ujanja. Mjanja anaificha katikati, hii ilikuwa kila mahali, kama mtu aliyechambua kwa bidii zote bila kuona anachochambua. Manyoya mawili. 

Mpimaji akaniinamia sikioni. "Pitisha tu, katibu. Ni gunia moja la mama wa watu."

Mwenyekiti aliangalia mawinguni. Foleni nzima ilikuwa inaniangalia, na wote wanajua, na wote wananiombea nidanganye. Ningesema safi, angefurahi. Angerudi nyumbani kifua mbele. Pamba ile ingeingia kwenye rundo na nyingine, ingepanda lori, ingefika kwa mtani wake. Ningesema fifi, ningekuwa nimemwambia mama mkwe wangu, mbele ya watu, kitu ambacho binti yake hakuthubutu kumwambia chumbani. Nilimpenda mama yule, Mungu anajua. Nilitamani meza ile impate mtu mwingine yeyote duniani.

Nikasimama. Sikumtuma mtu.

"Mama," nikasema. "Hii ni fifi."

Ng'ombe wa mkokoteni wakasikika wakicheua. Mtu mmoja akaguna, mwingine akasema Mungu wangu. Karani alibaki vilevile, uso kwa ukuta wa ghala, mkono mmoja umeshika kanga kifuani. Nikafikiri, nimemuua. Kisha akageuka akanielekea, macho yake yale yamefunikwa ukungu, yakinitafuta nilipo.

"Sema tena," akaniambia. "Wa huko nyuma hawajasikia."

Nikasema tena, kwa sauti.